Ripoti ya maabara imeandika "kawaida ni chini ya 10". Kawaida ya nani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni afisa afya. Tulienda kupima watu 30 wanaoishi jirani na sehemu wanayoyeyusha betri za magari, wakubwa 24 na watoto 6, tulitoboa kidole. Wastani wa risasi (ile metali ya kwenye betri) kwenye damu umekuja 9 (mikrogramu kwa desilita) na mtoto mmoja amesoma 27. Pembeni ya ripoti maabara wameandika kawaida ni chini ya 10, kwahiyo bosi anasema watu wako salama tufunge faili. Mi roho inanikataa. Nataka twende na kijiji cha mbali tupime watu 30 wengine tupate kiwango cha kawaida cha hapa kwetu, na kwa damu hiyohiyo tupime metali zingine: zebaki, kadimiamu na aseniki. Naomba ushauri wako, tuko sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Roho imekukataa mahali penyewe kabisa, na wala usifunge hilo faili. Ntaandika kirefu kidogo kwasababu swali lako lina maswali matatu ndani yake na watu wengi huwa wanayachanganya, wakiwemo madaktari wenzangu.

Tuanze na hiyo 10. Hiyo namba haijawahi kuwa "kawaida" ya mtu yeyote. Ilikuwa ni kiwango cha kuchukua hatua kwa watoto, Marekani waliiweka mwaka 1991, yaani mtoto akifika hapo afuatiliwe. Kabla ya hapo ilikuwa 25 (mwaka 1985), na ukirudi miaka ya 60 walikuwa wanakubali hadi 60! Mwaka 2012 wakashuka mpaka 5, mwaka 2021 wakashuka tena mpaka 3.5. Mwili wa binadamu ni uleule miaka yote hiyo, risasi ni ileile, kilichobadilika ni ujuzi wetu na kiasi cha risasi kilichobaki kwenye mazingira. Maabara yenu wamebaki na fomu ya zamani, basi. Ukiona neno "kawaida" kwenye ripoti yoyote ya metali uliza maswali mawili hapohapo: kawaida ya watu gani, na ya mwaka gani. Wasipokuwa na jibu hiyo namba usiitegemee.

Kuna mtu mmoja nampenda sana kwenye hii habari, anaitwa Clair Patterson, mwanajiokemia (mtaalamu wa kemia ya miamba) wa Marekani, ndo aliyepata umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, mwaka 1956, kwa kupima aina za risasi kwenye vimondo. Kilichomtesa kwenye ile kazi ni kwamba risasi ilikuwa kila mahali, kwenye vumbi la maabara, kwenye maji, kwenye kemikali, kwenye nguo, hadi ikabidi ajenge maabara safi kupindukia ndo apate namba za kweli. Sasa alipogeuka kutazama damu za watu akashtuka, na mwaka 1965 akaandika kwamba madaktari wanaita "kawaida" kitu ambacho ni cha kila mtu tu, sio cha asili, kwasababu hao watu wote waliopimwa tayari walikuwa wameshachafuliwa na petroli na mabomba na rangi. Watu walimshambulia sana. Baadae yeye na wenzake wakapima mifupa ya watu wa kale wa Peru, walioishi kabla ya viwanda, wakakuta risasi yake ni kidogo mara mamia kulinganisha na mifupa ya watu wa leo. Kwahiyo weka hii kichwani kabla hujagusa sindano: kile unachotaka kukipima kwenye kijiji cha mbali ni watu wa kwenu WAKOJE sasa hivi, basi. Hakikwambii watu WAWEJE. Hizo ni namba mbili tofauti kabisa na kila moja ina kazi yake.

Ile ya kwanza, ya wakoje, wataalamu wanaiita thamani rejea. Wajerumani wana tume yao ya mambo haya na wanaitoa hivi: unapima watu wa kawaida wengi, unawapanga foleni kuanzia mwenye kidogo mpaka mwenye nyingi, afu unatazama namba ya yule anayesimama kwenye nafasi ya 95 kati ya kila 100. Hiyo ndo pasentaili ya 95. Anayeizidi hajaambiwa anaumwa, ameambiwa tu kwamba wewe unapata hiki kitu kuliko wenzako, tutafute kinatoka wapi. Namba ya pili, ya kiafya, inatoka kwenye tafiti za madhara, na tume hiyohiyo huwa inaitoa peke yake, mfano zebaki kwenye damu, mikrogramu 5 kwa lita ukiwa chini yake hakuna wasiwasi, ukifika 15 kuna haja ya kushughulikiwa. Kwa risasi namba za namna hiyo walizisimamisha kabisa maana hawakuweza kuonyesha kiwango ambacho chini yake mtoto hadhuriki. Hili mwambie bosi wako taratibu kwa heshima: kwa risasi hakuna "salama" ya kumpa mtu.

Afu kuna mtego mwingine hapo kwenye pasentaili. Kwa maana yake yenyewe watu 5 kati ya 100 wasio na tatizo lolote watazidi huo mstari. Sasa ukimpima mtu mmoja elementi 20 kwa mpigo, kama mashine za kisasa zinavyofanya, nafasi ya kuzidi angalau kwenye moja ni kama asilimia 64, hata awe mzima kama chuma. Ndo maana mi huwa naumia nikiona mtu ameletewa karatasi ya elementi 20 yenye mishale miwili mitatu myekundu kauziwa na dawa za "kusafisha sumu". Na wengine wanapewa kwanza dawa ya kutoa metali mwilini afu ndo wanapima mkojo, mkojo lazima upande, halafu wanalinganisha na namba za watu ambao hawakupewa hiyo dawa. Hiyo haikubaliki, na chama cha madaktari wa sumu wa Marekani kilishasema wazi kwamba kipimo cha hivyo hakina msingi wa kisayansi.

Tuje kwenye watu 30 wa kijiji cha mbali. 30 hawatoshi kwa kile unachokitaka. Fikiria ile foleni, kwenye watu 30 pasentaili ya 95 inaangukia kwa yule wa pili kutoka mwisho, yaani unampa mtu mmoja kazi ya kusema kwa niaba ya kijiji kizima, na kama huyo mtu kumbe anachomelea betri nyuma ya nyumba yake basi kiwango chenu chote kimeharibika. Kwenye maabara za tiba kanuni inayotumika ni angalau watu 120 kwa kila kundi, na makundi kwa metali ni ya kweli kweli: wavutaji sigara watenge, maana kadimiamu yao kwa kawaida ni kama mara mbili ya wasiovuta au zaidi. Watoto watenge na wakubwa. Wanawake watenge na wanaume, kwasababu wanawake ndo hupungukiwa zaidi madini ya chuma, na mwenye upungufu huo utumbo wake unanyonya zaidi kadimiamu, risasi na manganisi, njia zinazopitisha chuma ndo hizohizo zinazopitisha hivi vitu. Kama pesa haitoshi 120 kwa kila kundi basi punguza makundi, chukua mfano watoto tu, usipunguze watu. Na watu wachaguliwe kwa kura kutoka orodha ya kaya, sio wale waliokuja wenyewe, anayekuja mwenyewe mara nyingi ana sababu yake.

Wakati tupo hapo, hiyo 9 yenu ni wastani wa aina gani? Nina uhakika mmejumlisha mkagawanya. Metali kwenye watu hazikai hivyo, wengi wanakuwa chini na wachache wanapaa juu sana, wanavuta wastani. Tazama watu watano: 2, 3, 4, 6 na 30. Jumla 45, gawa kwa 5 unapata 9, lakini wanne kati yao wako chini ya 9 mbali tu! Wa katikati ni 4, na wastani wa jiometri (zidisha zote afu tafuta kipeuo cha tano) ni 5.3. Kwahiyo hiyo 9 inaweza kuwa ni watu wengi wenye 4 na wachache wanaoangamia, au ni watu wote wana 9, na hizo ni habari mbili tofauti zinazotaka kazi mbili tofauti. Ripoti ijayo weka wastani wa jiometri, wa katikati, na pasentaili ya 95. Zile zilizo chini ya uwezo wa mashine kuona usiweke sifuri wala usizitupe, wengi wanaweka ule uwezo wa mashine ugawe kwa kipeuo cha pili cha mbili, ila kama nusu ya sampuli zako ziko huko chini basi usitoe wastani kabisa, toa pasentaili tu.

Sasa sehemu ambayo mi ndo nailala nayo na kuamka nayo. Uchafu wa sampuli. Kazi yote hii inafia kabla ya mashine. Nakumbuka zamani nikiwa bado mgeni kwenye hii kazi tulipima watoto kwa kutoboa kidole, mtoto mmoja akasoma 31. Mama yake alilia mbele yetu. Tukamrudia kesho yake kwa damu ya mshipa, 6. Nilirudi nikatazama tulichofanya: mtoto alikuwa anachezea mchanga, tukamfuta kidole na pamba ya spiriti mara moja, chap, tukatoboa, tukachukua tone la kwanza. Spiriti inaua vijidudu lakini risasi haifi, inasambaa tu kwenye ngozi. Tangu siku ile naosha mwenyewe: sabuni na maji yanayotiririka, kucha kwa chini, kati ya vidole, nasuuza, nakausha kwa karatasi safi, mtoto hagusi kitu tena hata nguo yake mwenyewe, ndo spiriti, ndo natoboa, tone la kwanza nafuta. Hata hivyo namba ya kidole ikiwa juu bado ni tetesi mpaka mshipa useme. Na nyie mmetoboa kidole jirani na mahali panapoyeyushwa betri, vumbi lenyewe ni risasi, kwahiyo hata hiyo 27 lazima irudiwe, na nasema irudiwe, sijasema ipuuzwe.

Vifaa navyo vinadanganya. Kizibo cha mpira cha tyubu za kawaida kinaachia zinki. Sindano ya chuma inaachia kromi na nikeli, ndo maana kwa hizo watu wanamwaga damu ya mwanzo. Glovu za unga zina zinki. Ncha za njano za kunyonyea maabara zimewahi kukutwa na kadimiamu kwenye rangi yake. Agiza tyubu maalum za elementi adimu, zile za kizibo cha bluu iliyoiva, na hata hizo usiziamini kwa jina: chukua kadhaa kutoka kila boksi, weka maji safi ya maabara, tikisa, acha, peleka zipimwe kama vile ni damu. Zikitoka na kitu, boksi zima halitumiki. Na siku ya kazi beba sampuli tupu, yaani unafungua tyubu palepale uwanjani, unamimina maji safi, unafunga, inasafiri na zingine. Hiyo ndo itakutetea siku mtu akisema risasi yenu ilitoka kwenye gari lenu.

Na jambo ambalo watu wanalisahau kila siku: kijiji cha mbali na wale wa jirani na betri wapimwe wakati mmoja, tyubu za boksi moja, maabara moja, na sampuli zichanganywe, mpimaji asijue ipi ya wapi. Ukipima hawa mwezi huu na wale miezi sita baadae kwa mashine nyingine, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya mashine. Uliza pia kama hiyo maabara inashiriki mpango wa nje wa kuhakiki ubora, ule wa kutumiwa damu zenye namba zinazojulikana wazipime bila kujua, mfano ule wa Erlangen kule Ujerumani au wa Quebec kule Kanada. Kama hawashiriki popote tafuta wengine.

Kuhusu kuchanganya metali zote kwenye damu moja, hapana, sio zote, kila metali ina nyumba yake mwilini na muda wake wa kukaa. Risasi ndio, damu, tena damu nzima, kwasababu karibu yote, kama asilimia 99, inakaa ndani ya seli nyekundu, ukipima majimaji ya damu bila seli unaikosa. Lakini damu inakwambia miezi michache tu iliyopita, nusu yake inaondoka kwa kama mwezi mmoja, wakati ile iliyo mfupani inakaa miaka na miaka na inarudi kwenye damu wakati wa ujauzito na uzee. Kadimiamu inajificha kwenye figo miaka 10 hadi 30, kwahiyo ukitaka ya maisha pima mkojo, ukitaka ya karibuni pima damu. Zebaki ni mbili: ile ya samaki pima damu au nywele, nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi kwahiyo unaweza kusoma miezi nyuma, ile ya mvuke wa kuchenjulia dhahabu pima mkojo. Nywele kwa metali zingine mi siziamini, vumbi na shampuu vinaingia na huwezi kutofautisha kilichotoka ndani na kilichotua nje.

Aseniki ni mkojo, na hapo kuna kisa kinachojirudia kila mahali. Mtu anakuja na aseniki mara kumi ya wenzake, familia imeshachanganyikiwa nani anamwekea sumu, kumbe juzi alikula samaki wa baharini au kaa. Viumbe wa baharini wana aseniki ya aina nyingine inayopita mwilini bila madhara, lakini kipimo cha jumla kinahesabu zote pamoja. Kwahiyo ama waambie watu wasile vitu vya baharini siku 3 au 4 kabla, ama lipia kipimo kinachotenganisha aina. Hata mashine yenyewe ina mtego wake, gesi ya argoni ya kwenye mashine ikiungana na klorini ya chumvi ya mkojo inapata uzito 75, ambao ndo uzito wa aseniki, mashine isiporekebishwa inahesabu chumvi kama sumu. Na mkojo wowote ule lazima usahihishwe kwa uzito wake, aliyekunywa maji lita mbili na aliyeshinda juani hawalinganishwi hivihivi, watu wanatumia kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo) au uzito mahsusi wa mkojo, ila kreatinini inafuata misuli, kwahiyo kwa watoto na wazee kuwa makini nayo.

Usione kazi hii ni kubwa bure. Marekani walipopima watu kwa sampuli ya nchi nzima kati ya 1976 na 1980, wastani wa risasi ulishuka kwa asilimia 37 ndani ya miaka hiyo minne tu, kutoka 14.6 hadi 9.2, na mstari wake ukafuatana na mstari wa petroli yenye risasi iliyokuwa inapunguzwa sokoni. Kabla ya hapo kuna waliobisha kwamba petroli haihusiki sana na damu za watu. Vipimo ndo vilimaliza ule ubishi. Kufika 1991 wastani ulikuwa 2.8. Fikiria wale waliopima 1976 wangesema watu wote wana 14 kwahiyo 14 ni kawaida, wakafunga faili.

Kwahiyo kijiji cha mbali nendeni, ila kwa mpango, na hiyo itachukua miezi. Watoto wale sita hawasubiri kijiji cha mbali. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2021 limesema mtu akiwa na 5 au zaidi chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe kupunguza, haijasema tulinganishe kwanza na jirani. Wiki hii warudieni wote sita kwa damu ya mshipa, mkianza na huyo wa 27, na mama yeyote mjamzito aliye kwenye wale 24. Ingieni nyumbani kwake huyo mtoto. Uliza nani wa humo ndani anafanya kazi kule kwenye betri, anavulia wapi nguo za kazi, nani anazifua na kwenye beseni lipi, mtoto analala na nani. Chukua udongo wa uani pale anapochezea, na vumbi la kizingitini. Mpimeni na damu kama ana upungufu wa chuma, akiwa nao atibiwe. Ikithibitika 45 au zaidi apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa dawa ya kutoa risasi, ikiwa chini ya hapo kazi kubwa ni kumtoa kwenye chanzo, na asipewe dawa halafu akarudishwa kwenye uwanja uleule. Bosi akikataa gari, andika barua kwa maandishi na namba ya 27 iwe mstari wa kwanza, nakala ubaki nayo.